6G: Simu nyingi kwenye masafa yale yale, nani atabeba kazi ya kuzitenganisha?

Mwaka 2025, 3GPP, chombo kinachoandika kanuni za mitandao ya simu duniani, kilianza uchunguzi wake wa kiufundi juu ya 6G. Kati ya mambo ambayo watafiti wanayarudisha mezani, kuna moja ambalo 5G iliacha njiani: kuruhusu simu nyingi zitumie masafa yale yale kwa wakati ule ule. Njia hiyo inajulikana kwa jina la NOMA. Kuchanganya ishara ni rahisi. Shida ni kuzitenganisha bila kumaliza betri wala kuchelewesha ujumbe.

Katika 4G na 5G, kwa kawaida kila simu inapewa kipande chake cha masafa na muda, kama wauzaji sokoni, kila mmoja na meza yake. Meza zikiisha, wengine wanangoja. Hiyo ni moja kati ya sababu zinazofanya rezo iwe nzito jioni kwenye mitaa yenye watu wengi. NOMA inawakalisha wauzaji wawili au zaidi kwenye meza moja.

Inafanyika hivi. Simu iliyo mbali na antena inatumiwa ishara yenye nguvu kubwa, na simu ya karibu inatumiwa yenye nguvu ndogo. Ishara hizo mbili zinasafiri pamoja. Simu ya mbali inasoma ujumbe wake na kuuchukua ule mwingine kama kelele tu. Simu ya karibu ina kazi mara mbili: inasoma kwanza ishara ya mwenzake, inaiondoa, ndipo inasoma yake. Ikikosea hatua ya kwanza, ya pili nayo inaharibika.

Kuna mbinu nyingine yenye uhakika zaidi: kujaribu kila mchanganyiko unaowezekana. Lakini hesabu yake inatisha. Simu 3 zikiwa pamoja, kila moja na alama 4 zinazowezekana, michanganyiko ni 64. Simu zikiwa 6, inafika 4.096. Idadi ya simu imeongezeka mara mbili, lakini kazi imeongezeka mara 64. Hakuna simu ya bei ndogo inayoweza kubeba mzigo huo kila wakati.

Hapo ndipo NOMA ilikwama. Mwaka 2013, watafiti wa kampuni NTT DOCOMO ya Japani waliipendekeza kwa mitandao ya baadaye. Huawei, ZTE, Qualcomm na wengine walileta kila mmoja muundo wake. 3GPP iliichunguza kwa ajili ya 5G, na uchunguzi ukafungwa Desemba 2018 bila muundo mmoja kukubaliwa. Kampuni hazikusikilizana, na wengi waliona faida yake ni ndogo kuliko ile inayopatikana kwa kuongeza antena nyingi kwenye mnara mmoja. Lakini wazo lenyewe halikufa: kanuni za televisheni za ATSC 3.0, zinazotumika Marekani na Korea Kusini, zinaruhusu matangazo mawili kupita juu ya masafa mamoja kwa namna inayofanana.

Kilichobadilika tangu hapo ni mbinu za kusoma. Badala ya kujaribu michanganyiko yote, mashine inakisia, inasahihisha kisio lake, kisha inarudia mara chache. Kazi inapanda polepole badala ya kulipuka. Pia mzigo unaweza kuondolewa kwenye simu: wakati vifaa ndivyo vinavyotuma ujumbe kuelekea antena, ni antena inayofanya hesabu. Hilo linafaa kwa mita za umeme na vifaa vingine vidogo vinavyotuma maneno machache mara kwa mara. Na vitakuwa vingi: mwongozo wa ITU wa Novemba 2023 juu ya 6G unataja hadi vifaa milioni 100 kwenye kilometa moja ya mraba, wakati 5G ililenga milioni 1.

Kwa nchi kama Congo, kuhamisha kazi kwenye antena si jambo dogo. Antena nyingi ziko mbali na nyaya za umeme. Zinaishi kwa jua au kwa mazutu. Kila hesabu ya ziada inakula umeme huo. Kuirudisha kazi kwenye simu nako kunapandisha bei ya simu, na mnunuzi wa kawaida ndiye atakayelipa.

Uamuzi huo hautafanyika mahali ambapo Congo ina sauti kubwa. Juu ya ugawaji wa masafa, kila nchi mwanachama wa ITU ina nafasi yake, na mkutano ujao wa masafa umepangwa Shanghai mwaka 2027. Lakini namna ya kutenganisha ishara inaamuliwa ndani ya 3GPP, ambayo mashirika yake 7 yanatoka Marekani, Ulaya, China, India, Korea Kusini, na mawili Japani. Hakuna hata moja la Afrika. Kampuni za Afrika zinaweza kuingia kupitia shirika la Ulaya, ETSI, lakini lazima zitume wahandisi wenye mapendekezo yao na hesabu zao.

Wasipokuwepo, kanuni zitaandikwa kufuatana na simu za bei kubwa na antena zisizokosa umeme.