STI Tunayoingoja: Tuipime kwa Barabara Zetu



Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana. Walisema subira huvuta heri, kisha wakageuka wakasema ngojangoja huumiza matumbo. Sisi wapenzi wa magari tumekwama katikati ya methali hizo, kwa maana tunalingoja gari ambalo kiwanda chenyewe kimetuonyesha kivuli chake tu.

Anayetaka kujua vijana wa shule hii wanawaza nini, asiende maktabani. Aende kwenye foleni ya githeri, saa saba kasoro dakika kumi. Huko atasikia hoja zikitolewa kwa moto kuliko mdahalo wowote wa chama chetu.

"Evo ingeiacha STI mbali sana!"

"Wapi! Evo iliisha kitambo. Siku hizi ni Toyota, bwana."

"Nyinyi ngojeni STI mpya itoke, ndio mtajua hamjui."

Wanafunzi wengine hutucheka, eti tunabishania magari ilhali hatuna hata baiskeli. Wacha wacheke. Mimi leo nataka kutoa maoni yangu kwa maandishi, maana yale ya foleni huishia pale githeri inapofika. Naamini sote tunalipima gari hili kwa kipimo kisicho chake. Tunahesabu nguvu za farasi, na tunasahau barabara litakalopita.

Kwa wale wasiojua tunazungumzia nini, nitaeleza kwa ufupi. Ni gari dogo la milango minne lenye buti, ambalo kwa mbali utadhani ni la mwalimu au la karani. Tofauti iko ndani. Injini yake ina turbo, na nguvu ya injini huenda kwenye magurudumu yote manne. Magari ya aina hii yaliyotia fora ni mawili, na yote mawili yalitoka Japani mwaka wa 1992: Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution, tunayoiita Evo. Mwaka wa 1994 Subaru ikaongeza WRX STI, ambayo ni kali zaidi.

Mbona vijana wa Kenya wakayapenda namna hii? Jibu ni Safari Rally. Gari la kwanza la magurudumu manne kushinda mashindano hayo lilikuwa Audi 200 quattro, mwaka wa 1987, likiendeshwa na Hannu Mikkola. Mwaka wa 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne akiwa na Subaru Impreza. Halafu ushindani wa Subaru na Mitsubishi ukapamba moto. Tommi Mäkinen alishinda na Lancer mwaka wa 1996, Colin McRae akajibu na Impreza mwaka wa 1997. Richard Burns alishinda na Mitsubishi mwaka wa 1998, kisha akashinda tena mwaka wa 2000, safari hiyo akiwa na Subaru. Baba zetu waliyaona magari hayo yakitimua vumbi, wakatusimulia, nasi tukarithi ubishi wao.

Lakini hakuna refu lisilo na ncha. Subaru ilijiondoa katika mashindano ya dunia mwishoni mwa 2008. Mitsubishi ikaacha kutengeneza Evo kufikia 2016. Injini ya EJ20, iliyokuwa moyo wa STI ya Japani, nayo ikafika mwisho wake. Tulipodhani WRX mpya ingezaa STI nyingine, Subaru ya Marekani ikatangaza Machi 2022 kwamba haitatengeneza STI ya petroli kutokana na WRX hiyo. Siku hiyo ilikuwa kama matanga kwa mashabiki. Matumaini yakarudi Oktoba 2025, pale Subaru ilipoonyesha huko Tokyo gari la maonyesho liitwalo Performance-B STI, lenye injini ya turbo na magurudumu manne. Gari la maonyesho si gari la dukani, lakini mwenye njaa hunusa hata moshi wa jikoni.

Tena kwetu sisi kungoja huku kuna saa yake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane, wala lenye usukani wa kushoto. Hebu piga hesabu. Evo ya mwisho tayari imefungiwa nje. STI za mwisho za Japani nazo zina ukomo wao. Baada ya hapo tutabaki na zile zilizomo humu nchini, zikizeeka kila mwaka. Kwa hivyo swali la nani atarithi kiti cha STI na Evo si porojo za foleni. Ni swali la kweli kwa fundi, kwa muuza spea na kwa kila kijana anayeota kuendesha gari hilo siku moja.

Basi atakayerithi apimwe kwa nini? Mimi nina vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sisi huku Bonde la Ufa tuko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida hupungukiwa na nguvu kwa takriban moja ya kumi kila upandapo mita 1,000. Turbo husaidia sana hapo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo, nayo feni hiyo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Kwa hivyo gari lenye turbo halihemi likipanda mlima kama wenzake. Kumbe kwetu turbo si ya kujionyesha tu. Ina kazi.

Kipimo cha pili ni barabara. Lami yetu huisha ghafla, ukajikuta kwenye marram, na mvua ikinyesha marram hugeuka sabuni. Gari linalogawia magurudumu manne nguvu huondoka hapo bila kuchimba shimo. Subaru ina jambo jingine zuri: pistoni za injini yake hulala ubavu, mbili huku na mbili kule, kama mabondia wanaorushiana ngumi. Injini hukaa chini, na gari haliyumbi sana kwenye kona.

Kipimo cha tatu ni klachi na fundi. Dereva anayeshika gia mwenyewe hujifunza gari, na gia ya mkono fundi wa mtaani anaijua. Subaru ina sifa na lawama hapa. Mafundi wake wamejaa kila mji, lakini plagi ziko ubavuni mwa injini na kuzifikia ni kazi. Jumamosi moja nilimshikia mjomba tochi gerejini akizitoa. Alichubuka vidole vyote, na maneno aliyoyatamka siwezi kuyaandika katika jarida la Kiswahili sanifu.

Kipimo cha nne ni matumizi. Gari la Mkenya ni la ukoo mzima. Litambeba nyanya kwenda hospitali, litabeba gunia la viazi, na Disemba litaenda ushago likiwa limejaa. Kwa hivyo milango minne na buti si mapambo.

Sasa tuwaite wapinzani mmoja baada ya mwingine.

Wajerumani wana Audi S3 na Mercedes-AMG CLA 45 S. Ukihesabu farasi tu, mjadala umekwisha, kwa kuwa hiyo AMG ina nguvu za farasi 421 kutoka kwa injini ya lita mbili. Ina milango minne na buti pia. Lakini Audi S3 ya sasa na AMG hiyo hazina klachi, na bei ya spea zake itamtoa mtu jasho hata akiwa kivulini. Nazipa heshima, ila naziondoa kwenye orodha yangu.

Toyota ndiyo mpinzani wa kweli. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka wa 2021 hadi 2025, Toyota imeshinda kila mwaka, na mwaka wa 2022 ilichukua nafasi ya kwanza hadi ya nne. Kisha inauza mtaani magari yenye damu ya mbio hizo. GR Yaris ilitoka mwaka wa 2020, GR Corolla ikafuata mwaka wa 2022. Injini yao ni ya lita 1.6 na silinda tatu tu, lakini kwenye GR Corolla inatoa nguvu za farasi karibu 300. Klachi ipo. Magurudumu manne yapo. Kasoro yake ni umbo: GR Yaris ina milango miwili ya abiria, na GR Corolla ina mlango wa nyuma badala ya buti. Wafuasi wa Toyota hujibu, "Buti ni ya nini? Kunja kiti, weka gunia." Nakiri hoja yao ina uzito.

Halafu kuna WRX yenyewe, ndugu mdogo wa STI. Mpya yake ina injini ya lita 2.4 yenye turbo na nguvu za farasi 271 huko Marekani, na huko unaweza kuipata na klachi. Lakini ilipoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2021 kwa jina la WRX S4, ilikuja bila klachi. Na magari yetu ya mitumba hutoka wapi? Japani. Hapo ndipo kiatu kinapobana.

Uamuzi wangu ni huu. STI ikirudi ikiwa na milango minne, buti, klachi na injini ile ya mabondia, basi kwetu haina mpinzani, hata kama farasi wake watakuwa pungufu kwa mia moja kuliko wa AMG. Lakini ikija bila klachi, au na mlango wa nyuma kama lile gari la maonyesho, itakuwa imeacha kiti chake wazi, na mimi nitahamia kambi ya Toyota bila kinyongo. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Najua wapo watakaosema kuwa magari haya yanaua vijana na hayafai kusifiwa katika jarida la shule. Hoja hiyo siidharau. Mwaka jana kijana mmoja wa mtaa wetu alipinduka kwenye kona usiku, mvua ikinyesha, akiwa na gari la aina hii ninayoisifu. Alivunjika mguu na mbavu mbili. Tulipoenda kumwona aliniambia, "Nilijua haiwezi kuteleza, ina magurudumu manne."

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Fizikia maneno hayo. Hakunihubiria. Aliniuliza swali moja tu: "Gari gani halifungi breki kwa magurudumu yote manne?" Nikanyamaza. Ni kweli. Nguvu ikigawiwa magurudumu manne, gari huondoka vizuri, lakini haliongezewi chochote wakati wa kusimama, kwa kuwa kila gari lina breki nne. Barabara ikiteleza, kinachokushika ni tairi. Tena kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Anayekwenda kilomita 100 kwa saa anahitaji, tangu akanyage breki, umbali mara nne ya yule anayekwenda 50. Turbo haiwezi kulibadilisha hilo, wala STI, wala Toyota. Yule kijana hakuangushwa na gari. Aliangushwa na imani ambayo sisi wenyewe tunaieneza kila siku kwenye foleni ya githeri, tunapotaja farasi na kusahau breki.

Ndiyo maana nasema tubadilishe kipimo. Tukiendelea kulisifu gari kwa mbio tu, tutakuwa tunawaandalia wenzetu kona nyingine. Tukilisifu kwa kupanda mlima bila kuhema, kwa kutoka kwenye matope, kwa kumfikisha nyanya hospitalini, tutakuwa tumelisifu kwa haki. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa barabara kuu inayopita hapa karibu na shule sote tunaujua.

Kwa hivyo, wenzangu wa foleni, endeleeni kubisha. Nami nitakuwepo, sahani mkononi, nikiitetea STI ambayo haijatoka. Ila mtu akianza na farasi, nitamuuliza kwanza habari za breki na tairi. Asipojibu, hamna haja ya kuendelea. Tule githeri yetu ikiwa moto.