Tangi la Samaki na Daftari la Kiswahili

Shule zetu hufundisha uzazi wa wanyama kana kwamba ni jambo la kukaririwa, si la kuonwa. Mwanafunzi wa Nuu, Kaunti ya Kitui, aweza kutaja kwa Kiingereza hatua zote za uzazi wa samaki pasipo kupata kumwona samaki hata mmoja akilea. Nashikilia kwamba tangi moja la kioo lenye perege wachache, na daftari la Kiswahili kando yake, vingetibu maradhi mawili kwa mpigo: kutoona na kutosema.

Samaki ninaowakusudia ni wa jamii ya sikilidi. Humo yumo sato, ambaye Waluo humwita ngege. Wamo pia furu wa Ziwa Viktoria, ambao spishi zao zinakisiwa kuzidi 500. Wakichanganywa na samaki wengine tangini, aghalabu hustahimiliana mpaka wakati wa kutaga. Hapo dume wa sato hubadilika rangi, akashika pembe yake, akachimba shimo mchangani na kumfukuza kila apitaye. Jike hutaga shimoni, kisha huyachukua mayai kinywani na kuyaatamia humo. Muda wote huo hali chakula, au hula kidogo mno. Hata vifaranga wakisha kuanza kuogelea, hatari ikitokea hukimbilia kinywani mwa mama yao.

Madume wengi wa furu wana madoa ya manjano katika pezi la chini, mithili ya mayai. Jike akijaribu kuyadonoa hupokea mbegu za dume, na mayai aliyoyabeba kinywani yakarutubishwa. Katika Ziwa Tanganyika yupo gogogo mmoja mwenye madoadoa ambaye huyapenyeza mayai yake miongoni mwa mayai ya sikilidi. Mama huyo hulea wana wasio wake, nao huwala wanawe humo humo kinywani.

Msomaji na ayatazame maneno niliyotumia: kutaga, kuatamia, vifaranga. Yote ni maneno ya kuku! Wafugaji wa samaki huwaita samaki wachanga vifaranga, wala hawakungoja kamati iwaidhinishie. Ndivyo lugha ikuavyo: neno la zamani hupewa kazi mpya. Hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi haina mashiko. Tanzania ilikifanya lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, sayansi ikiwamo. Kwetu Kenya kilifanywa somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, lakini kikaachwa mlangoni mwa maabara.

Wapo watakaouliza: yawaje kuzungumzia samaki wa tangini mahali ambapo kina mama huchimba mchanga wa mto mkavu wakitafuta maji? Hilo ni swali la haki. Sipendekezi pambo la ofisi ya mwalimu mkuu. Tangi la lita 100 likibadilishwa robo ya maji yake kila wiki, lita hizo 25, zenye rutuba ya kinyesi cha samaki, zitamwagiliwa miche na sukuma wiki za shule. Maji yale yale yatakuwa yamefanya kazi mara mbili.

Tena faida yenyewe si ndogo. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, aliwaangamiza furu wengi kufikia miaka ya 1980. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walionyesha hatari nyingine: maji yakitibuka, jike hashindwi tu kuona mbali, bali hushindwa kuitambua rangi ya dume wa spishi yake. Spishi huchanganyika, tofauti zikafutika. Kwa mwanaisimu, somo hili ni zito. Rangi ndiyo lugha ya samaki hao. Ishara isipofika, jamii hupotea hata kama hakuna aliyeliwa.

Asiyekuwapo na lake halipo. Mtoto asiyeweza kumtaja furu kwa lugha anayoielewa hatamlilia akitoweka. Kwa hiyo nawasihi walimu wa biolojia na wa Kiswahili waketi meza moja: mmoja aoneshe, mwingine asaidie kutaja, na wanafunzi waandike kila siku walichokiona kwa macho yao.