Kabla ya bei ya lenzi, uliza umbali

Fundi cherehani wa sokoni Kawe na dereva wa lori anayeendesha usiku Barabara ya Bagamoyo wanaweza kupata mtoto wa jicho mwaka mmoja na kupasuliwa na daktari yuleyule, lakini lenzi ya bandia inayomfaa mmoja si lazima imfae mwenzake. Ndugu wakishachanga, swali linalotangulia huwa ni lenzi ipi bora, na ubora hupimwa kwa bei. Mimi nasema kitangulie kitu kingine: mgonjwa anataka kuona umbali gani bila miwani? Lenzi ya asili, kabla ya uzee kuikaza, hubadilika umbo yenyewe tukitazama karibu au mbali. Ya bandia iliyo ya kawaida haina uwezo huo. Ikishawekwa, huona vizuri umbali mmoja tu. Nguvu yake hukokotolewa kabla ya upasuaji kwa kupima urefu wa jicho na mpindo wa konea, na kosa la milimita moja katika urefu huo hupotosha matokeo kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) mbili na nusu au zaidi. Hakuna lenzi ghali inayofidia kipimo kibovu.

Wapo watakaosema lenzi za umbali mwingi zimemaliza tatizo hili. Kweli, zinawapunguzia wengi haja ya miwani. Lakini zinafanya hivyo kwa kuugawa mwanga, na baadhi ya watu huona duara za mwanga kuzunguka taa za magari usiku; kwa dereva wetu wa lori hilo si jambo dogo. Mwenye presha ya macho, au ambaye kisukari kimeshaharibu retina yake, mara nyingi hushauriwa asiziweke kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuchagua ni kwa wenye nacho. Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu zote. Tangu kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilipoanza mwaka 1992, lenzi zilizokuwa zikiuzwa makumi ya dola zimeshuka hadi dola chache. Na lenzi hiyohiyo ya bei nafuu hutengenezwa kwa nguvu mbalimbali, bei ikiwa ileile. Fundi cherehani anaweza kuwekewa inayoona karibu, akatunga uzi kwenye sindano bila miwani, akavaa miwani akitoka barabarani. Uamuzi huo haumwongezei gharama. Unahitaji tu aulizwe.

Wala mgonjwa asingoje mtoto wa jicho "aive", kama wazee walivyoambiwa zamani. Mtoto wa jicho akikomaa sana huwa mgumu, na upasuaji nao huwa mgumu. Kwa kawaida jicho hutiwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, kazi huchukua chini ya nusu saa, naye hurudi nyumbani siku hiyohiyo na dawa ya matone. Baada ya miezi au miaka ukungu ukijitokeza nyuma ya lenzi, husafishwa kwa leza bila kupasuliwa tena.

Kwa hiyo hospitali zetu, kuanzia CCBRT pale Msasani na Muhimbili hadi kliniki binafsi, ziweke mistari miwili kwenye fomu ya ridhaa, ijazwe kabla ya kutaja bei yoyote: kazi anayofanya mgonjwa, na umbali anaotaka kuona bila miwani.