Kulisha Samaki Darasani: Tufundishe Kipimo

Wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha hutuletea swali linalostahili jibu la wazi: mwalimu aliyepangiwa shule iliyo mbali na pwani atafundishaje ulaji wa viumbe wa baharini? Tuchukue mfano wa Kidete, wilayani Kilosa. Reli ya Kati hupita hapo, na mto Mkondoa u karibu. Lakini bahari iko mamia ya kilomita upande wa mashariki, na watoto wengi hawajapata kuiona. Mara nyingi mwalimu huchora pweza ubaoni, huandika kwamba hula kaa, na somo huishia hapo.

Sisi tunaona kwamba njia ipo. Inaanzia kwenye chombo kimoja cha kioo chenye mdomo mpana na perege wawili wadogo wa mtoni.

Hata hivyo, zana hii ina mtego. Tuliwahi kuhudhuria somo la mwanachuo mmoja aliyeleta samaki darasani. Kwa nia njema alimruhusu kila mtoto atie kipande cha ugali. Siku ya tatu maji yaligeuka meupe na kunuka. Samaki walipanda juu wakihema, kisha wakafa. Mwanachuo aliwatupa kabla ya kengele kulia. Watoto walipouliza, aliwaambia kwamba wamerudishwa mtoni. Kwa maoni yetu, hilo la mwisho ndilo lililokuwa kosa kubwa zaidi. Watoto walikuwa na haki ya kujua kilichotokea, na sababu yake ilikuwa ndilo somo lenyewe.

Sababu yenyewe ni hii. Chakula kisicholiwa huoza. Vijidudu vinavyokiozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na katika kuoza huko hutoka amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Kinyesi cha samaki nacho huongeza sumu hiyo. Katika tangi la maji ya bahari hatari ni kubwa zaidi: maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi yenye joto lilelile, na hali yake ya alkali huifanya amonia iwe kali zaidi. Ndiyo maana wafugaji wa samaki wa baharini hutoa chakula kidogo kinachoweza kumalizwa kwa dakika chache, kisha huondoa mabaki.

Tunapendekeza utaratibu ufuatao. Kila siku mtoto mmoja apewe zamu ya kulisha. Atie chembe chache tu, darasa litazame kwa dakika tatu, na mabaki yatolewe. Daftari liandikwe: tarehe, kiasi cha chakula, na yaliyoonekana. Kando ya chombo hicho kiwekwe cha pili chenye maji bila samaki, kitiwe kipande kikubwa cha ugali. Baada ya siku chache watoto watajionea wenyewe maji yakichafuka na kunuka, wala hapatakuwa na samaki aliyekufa kwa ajili ya somo.

Mtoto aliyeona hayo ataweza kuuliza: basi baharini nani huwalisha viumbe, na nani huondoa mabaki? Hapo mwalimu amefika pwani bila kusafiri. Aeleze kwamba pweza huwinda. Chaza na sifongo wa baharini huchuja chembe ndogo kutoka kwenye maji. Jongoo bahari humeza mchanga na kupata riziki katika mabaki yaliyooza. Matumbawe, ambayo ni wanyama, hupata sehemu ya chakula chao kutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi mwilini mwao na kutumia mwanga wa jua; tena hunasa viumbe wadogo wanaopita. Jambiani, Zanzibar, wapo wakulima wanaotundika sifongo kwenye kamba baharini bila kuwapa chakula chochote, kwa kuwa mkondo wa maji huwaletea. Ndani ya tangi hakuna kupwa wala kujaa. Mkono wa mfugaji umeshika nafasi ya bahari, kwa hiyo hauna budi kujua kila kiumbe hula nini, kwa njia gani na kwa kiasi gani.

Tuongeze maonyo mawili. Kwanza, mwalimu asikoroge chumvi ya jikoni akidhani ametengeneza bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina nyingi, na perege wa mtoni akitumbukizwa ghafla humo ataumia. Pili, watoto wasitumwe kuingia mtoni au katika madimbwi kutafuta samaki. Konokono wa maji yaliyotuama huweza kueneza kichocho, na mto wakati wa masika haumjui mwana wa mtu. Samaki waletwe na mtu mzima, na somo likiisha warudishwe katika mto uleule.

Na ikiwa, pamoja na uangalifu wote, samaki atakufa, mwalimu asimtupe kwa siri. Afungue daftari mbele ya darasa, aseme, "Tulikosea kipimo, tutafute ni siku gani." Watoto wa Kidete wataisahau mapema picha ya pweza, lakini siku ile hawataisahau.