Tusishinde mjadala kwa nukuu feki

Ndugu zangu, kuna ile picha ya WhatsApp huzuka kila mjadala wa ukoloni ukianza. Eti Lord Macaulay alihutubia Bunge la Uingereza tarehe 2 Februari 1835, akasema amezunguka Afrika yote bila kuona ombaomba wala mwizi, kwa hivyo dawa ni kuvunja elimu na utamaduni wetu.

Hebu tujiulize. Siku hiyo Macaulay alikuwa Calcutta, India. Bungeni London alihutubia vipi? Na hiyo "Afrika" imebandikwa tu. Wahindi nao wanasambaza maneno hayo hayo, kwao yanasema "India".

Alichoandika kweli siku hiyo ni waraka kuhusu elimu ya India. Humo alidai rafu moja ya vitabu vya Ulaya inashinda maandishi yote ya India na Uarabuni. Dharau tupu, na waraka upo, unasomeka. Sasa uongo wa nini?

Ukileta nukuu feki, mpinzani ataishika hiyo moja na kutupa hoja zako zote. Dhulma ya ukoloni ni ya kweli, basi ushahidi wake uwe wa kweli. Kabla hujasambaza, uliza: nani alisema, wapi, lini, na imeandikwa wapi?