Mutu wa kupimwa njo anamulipa mupimaji?

Wandugu wa kazi, na ninyi mama mwenye kubakia na batoto ku nyumba wakati wa poste ya usiku,

Juma lililopita mutoto wa dada yangu alinipigia simu toka Marekani. Kijana anajifunza kule kuongoza ndege, ile ndogo ya moteri moja. Nilizania ananisalimia tu. Hapana. «Mujomba, saa za kuruka nimekwisha kumaliza, sasa inabakia franga za mupimaji.» Nikamuuliza: mupimaji halipwi na Serikali? Akacheka.

Acha niwaeleze, maana mimi mwenyewe aliniambia mara mbili. Kule Marekani mambo ya ndege iko mu mikono ya FAA, ofisi ya Serikali. Mutu mwenye kutaka permis ya kuongoza ndege, si kwa mshahara, kwa safari yake tu, sharti awe na miaka 17, na kwa kawaida saa 40 za kuruka kwa uchache. Wengi wanapita 60. Anashinda mtihani wa maandishi, kiisha anasimama mbele ya mupimaji: kwanza maulizo ya mdomo, nyuma yake wanaruka pamoja. Lakini ule mupimaji, mara nyingi, si mutu wa Serikali. Ni mutu wa inje, FAA inamupa tu ruhusa ya kupima na kusaini. Bei anaikata mwenyewe. Wengi wanaomba dola 800, ao 1.000, na kuna wenye kupita pale. Kukodisha ndege ya siku ile ni franga ingine.

Ukianguka? Unarudi kwa mwalimu, anakufundisha, anasaini upya. Ukirudi mbele ya siku 60 kupita, unaweza kupimwa tu kipande kile ulikosa, lakini mupimaji atataka franga yake tena. Na wao ni wachache, watu wanangojea majuma na majuma. Malalamiko ilifika mpaka bunge lao: sheria ya mwaka 2018 iliomba FAA iangalie upya mambo ya hawa wapimaji. Bei ingali ya mwenyewe.

Mimi sina chuki na mupimaji. Anaacha kazi yake, anaingia mu ndege na mutu hajamujua, na akisaini mubaya, maiti itamufuata mu usingizi. Alipwe, na alipwe muzuri. Ninauliza tu: na nani, na bei gani? Kijana mwenye kukopa dola 1.000, asubuhi upepo unakuwa mubaya. Ana haki ya kusema leo hapana. Lakini kuna wapimaji wenye kulipisha tena safari ya kurudi. Mwenye deni ataangalia mawingu kwa macho gani?

Hii ninaijua, juu niliiona hapa kwetu.

Nilikuwa délégué. Kampuni moja ya sous-traitance, jina silitaji, ilichukua waongozaji wa benne. Wazee wenye miaka 15 mu carrière wakaambiwa wapimwe upya. Muzuri, kupimwa si matusi. Lakini franga ya mupimaji ilitoka mu mufuko wao, wakakatwa ku mshahara miezi tatu. Reçu hakuna. Mumoja alianguka, wakamuambia alipe upya. Akauzisha frigo ya bibi yake. Siku ya kurudilia, alikanyaga frein akasikia iko lembe. Alinyamaza. Nyuma yake aliniambia: «Yaya, kama ningesema, wangenirudisha ku nyumba, na mara ya tatu ningelipa na nini?» Benne ikashuka na rampe mpaka ikajipiga mu kilima cha udongo kando ya njia. Hakuna aliyekufa. Mupimaji alikuwa amekaa ku upande wake.

Kampuni ikaandika kwamba ni makosa ya muongozaji. Nilikataa kusaini ile karatasi, na mpaka leo kuna wakubwa hawanisalimie.

Basi, wakati tutakaa tena na wakubwa juu ya convention collective, mimi nitaweka hii ku meza mbele ya mambo ya prime: mutihani wa kazi alipe mwenye kutaka kazi. Bei iandikwe ku mlango, na reçu. Na kama mashini ao mvua njo imeharibu mutihani, mutu arudilie bila kutosha hata franga moja. Wenye kusema itaharibu kampuni, walete hesabu tuione.

Kule Marekani, yule kijana hana patron wa kuomba, anajifunza kwa mapenzi yake. Lakini Serikali yenye kukulazimisha kupimwa iseme basi bei isipite wapi.

Nilimutumia dola 100. Bibi yangu alinung'unika, na alikuwa na haki, maana minerval ya batoto haijalipwa. Nilimuambia kijana: upepo ukikuwa mubaya, kataa, franga ingine tutatafuta. Alijibu «ndiyo mujomba» mbiombio, sawa mutu asiyesikia. Anapimwa siku ya ine.