Wati za kwenye boksi

Mhariri,

Anayetafuta sabufa ya bei nafuu hapa Voi huanza kwa kusoma boksi, na hapo ndipo anapopotezwa. Ile namba kubwa ya PMPO, mara nyingi maelfu ya wati, hukadiria nguvu ya kufumba na kufumbua tu, katika hali isiyopatikana sebuleni. Kipimo cha kuaminika ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hutoa mfululizo. Si lazima uwe fundi: geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Kinachovuta wati 60 kutoka kwenye soketi hakiwezi kumwaga wati 5,000 za muziki mfululizo. Umeme hauzai umeme. Unafuu basi upimwe kwa wati za RMS na kwa miaka ambayo kifaa kitadumu.

Nitaambiwa kwamba mwenye kipato kidogo hana nafasi ya kuchagua. Naona kinyume: yeye ndiye asiyeweza kununua mara mbili. Sabufa ya mtumba yenye skrubu zinazofunguka na spika zinazobadilishika humfaa kuliko mpya iliyogandishwa kwa gundi, mradi ijaribiwe dukani kwa sauti ya juu na risiti iandikwe. Wengine huona kudai risiti ni kumtilia muuzaji shaka. La hasha: risiti ni ushahidi wa mnunuzi anapodai haki yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na taarifa za kumwezesha kunufaika nazo. Maduka ya Voi, Wundanyi na Taveta yaandike RMS kando ya bei.

Msomaji,
Voi